Return of the Obra Dinn: mchezo wa upelelezi na kesi ya kichwa cha Sultani Lusinga

Mwaka 1802 meli ya biashara iliondoka London kuelekea Mashariki. Ilitarajiwa kupita Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika ya Kusini, lakini haikuonekana, na ikaandikwa kuwa imepotea baharini. Mwaka 1807 ikarudi yenyewe kwenye bandari ya Falmouth, Uingereza. Matanga yameraruka na ndani hakuna hata mtu mmoja aliye hai. Watu 60 walikuwamo. Wamekwenda wapi? Nani aliua nani? Nani alikufa kwa ugonjwa, nani kwa kisu, nani kwa bunduki?

Meli hiyo haikuwahi kuwepo. Ni ya mchezo wa kompyuta unaoitwa Return of the Obra Dinn, uliotoka tarehe 18 Oktoba 2018. Aliyeutunga ni Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, ambaye aliufanya karibu kila kitu peke yake: hadithi, picha, programu na muziki. Haukutoka kwenye kampuni kubwa yenye mamia ya wafanyakazi. Hata hivyo mwaka 2019 ulipata tuzo kuu ya tamasha la michezo ya watungaji huru huko Marekani, pamoja na tuzo za chuo cha filamu na michezo cha Uingereza.

Kwa nini mchezo huo uzungumziwe hapa Kirungu, kwenye milima ya Marungu, ambako wengi hawana kompyuta na umeme ni wa sahani za jua? Kwa sababu swali lake ni swali la nchi hii. Mchezo unauliza: mtu akifa mbali na wake, ni nani atakayesema jina lake na namna alivyokufa? Na hapa, kati ya Mpala na Moba, iko kesi ya kweli ya aina hiyo ambayo imeishi miaka zaidi ya 140. Ni kesi ya kichwa cha Sultani Lusinga.

Jinsi mchezo unavyochezwa

Mchezaji ni mkaguzi wa bima. Ametumwa na Kampuni ya Mashariki ya India kupanda kwenye meli ile tupu, kuandika yaliyowapata wote 60 na kurudisha hesabu ofisini. Anapewa vitu viwili: daftari na saa ya mfukoni.

Saa ndiyo ajabu ya mchezo. Mkaguzi akisimama mbele ya mabaki ya mtu, iwe mifupa au mwili, saa inamrudisha kwenye dakika ile ya kifo. Kwanza giza, na katika giza zinasikika sauti za mwisho: mtu anagombana, mtu anaomba, bunduki inalia. Halafu picha inafunguka. Kila kitu kimesimama kama sanamu: risasi iko hewani, damu imetoka na haijaanguka chini. Mchezaji anazunguka katikati ya watu wale waliosimama, anatazama nyuso, viatu, nguo, nani amekimbia na nani amejificha. Kisha anarudi kwenye daftari na kwa kila mtu anaandika mambo matatu: jina lake, namna alivyokufa, na aliyemuua kama yupo.

Kazi ni ngumu kwa sababu hakuna anayejitambulisha. Mchezaji anayo orodha ya majina ya wafanyakazi na abiria pamoja na nchi zao, na anayo michoro ya nyuso. Kuunganisha jina na uso ni juu yake. Mmoja atamjua kwa lafudhi. Mwingine atamjua kwa namba iliyoandikwa kwenye kitanda chake cha kamba. Mwingine kwa sababu kila mara yuko karibu na seremala, basi lazima awe msaidizi wa seremala. Na daftari halimthibitishi mtu mmoja mmoja. Mpaka mchezaji apatie watu watatu sawasawa, ndipo linakubali. Anayebahatisha atabahatisha usiku kucha.

Picha zote ni za nyeusi na nyeupe, kama za kompyuta za zamani. Mchezo unauzwa dola 19.99 na hauna Kiswahili, ila Kifaransa kipo. Unahitaji kompyuta au mashine ya kuchezea. Kwa mwenye simu tu, mchezo wa kwanza wa Pope uliojulikana, Papers, Please wa mwaka 2013, umewekwa kwenye simu tangu Agosti 2022. Humo mchezaji ni askari wa uhamiaji kwenye mpaka wa nchi ya kubuni. Anapiga muhuri au anakataa, na kila anayemrudisha ana mtoto, mgonjwa au hatari nyuma yake. Familia iliyowahi kupita vizuizi vya barabarani na karatasi moja mkononi haihitaji kufundishwa maana ya mchezo ule.

Obra Dinn una sifa nyingine ambayo wanaousifu mara nyingi wanaipita haraka. Mkaguzi hafanyi kazi kwa ajili ya wafu. Anafanya kazi kwa ajili ya kampuni inayotaka kujua italipa nani na itamnyima nani. Ndani ya meli kuna mabaharia wa Ulaya, Wahindi, Wachina, na wageni kutoka Formosa. Mgeni mmoja anahukumiwa na kupigwa risasi kwa kosa ambalo mwingine amelitenda. Wenye bunduki waliamua, na kama si saa ile, uongo wao ungebaki ndiyo historia.

Watu wa ziwa na habari ya meli

Kwa watu wa Tanganyika, meli inayopotea na kurudi si jambo geni. Meli ya Wajerumani Graf von Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, ili isichukuliwe na adui. Mwaka 1924 iliinuliwa kutoka chini ya maji, na tangu 1927 ikatembea ziwani kwa jina la Liemba. 

Upelelezi nao si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi wake Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, akajulikana pwani na bara. Msa hutatua mambo kwa akili na maswali, bila kupiga mtu.

Lakini katika vitabu na michezo yote hii, mtunzi analijua jibu tangu mwanzo. Kesi ya Lusinga haina mtunzi, na sehemu za jibu lake zimetawanyika kati ya Brussels na Lubanda.

Bwana Boma afika Mpala

Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubeleji alikusanya wasafiri na wataalamu Brussels, wakaanzisha Shirika la Kimataifa la Afrika. Maneno yaliyosemwa yalikuwa ya sayansi na ya kupiga vita biashara ya watumwa. Mwaka 1879 shirika hilo lilijenga kituo Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa. Mwaka 1882 akafika huko luteni Émile Storms, mzaliwa wa Wetteren mwaka 1846. Mwaka uliofuata, mwezi Mei 1883, alivuka maji na kujenga ngome upande wetu, kwenye ardhi ya Sultani Mpala. Yeye na Mpala walifanya udugu wa kuchanjana damu. Mahali pale Wazungu wakapaita Mpala. Wenyeji wanapaita Lubanda. Na kwa sababu ya ile ngome, Storms mwenyewe watu walimwita Bwana Boma.

Juu ya milima ya Marungu alikuwako Lusinga lwa Ng'ombe, sultani wa Watabwa. Mwaka 1879 msafiri wa Uskoti, Joseph Thomson, alipita kwake na kuandika habari zake. Lusinga alikuwa na bunduki, na nguvu yake ilitoka kwenye biashara ya pembe na ya watu. Vijiji vya jirani vilimwogopa. Jambo hilo halifai kufichwa, kwa sababu wajukuu wa walioshambuliwa nao wanaishi hapa hapa.

Basi kulikuwa na wakubwa wawili wanaopanuka, mmoja pwani ya ziwa, mmoja mlimani, kila mmoja akitaka kodi, heshima na watu. Storms alikuwa na askari wa Kizanzibari na rugaruga kutoka Unyamwezi. Hakuwa na jeshi la Ulaya nyuma yake. Alitawala kwa njia ile ile ya masultani aliowakuta: mapatano ya damu, zawadi, bunduki na vitisho. Mwanaanthropolojia wa Marekani Allen Roberts, aliyeishi Lubanda katika miaka ya 1970, amelieleza jambo hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2013, A Dance of Assassins. Kwa maoni yake watu hawa wawili walikuwa wanacheza ngoma moja, kila mmoja akimwangalia mwenzake miguuni.

Storms aliandika shajara. Humo, kabla ya vita, aliandika kwa mzaha kwamba kichwa cha sultani yule kinaweza siku moja kufika Brussels kikiwa na kinamba chake, na kwamba kingependeza katika makumbusho. Mpelelezi yeyote, wa meli au wa mlimani, angeweka alama kwenye ukurasa huo. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa tayari amefikiria kichwa kabla ya kupata sababu.

Tarehe 4 Desemba 1884

Siku hiyo watu wa Storms karibu mia moja, wenye silaha, wakiongozwa na Mnyamwezi aitwaye Bohoro, walifika kijijini kwa Lusinga. Lusinga aliuawa na kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa kwa Storms. Mwenyewe Storms hakuwepo mlimani, alikuwa akingojea habari. Katika maandishi yake alihesabu waliouawa kuwa kati ya 50 na 60, na mateka 125.

Tarehe hiyo ina jambo la kushangaza. Mkutano wa Berlin, ambao ulipanga kugawana Afrika, ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884 na kufungwa tarehe 26 Februari 1885. Lusinga alikatwa kichwa mkutano ukiendelea. Waliokaa mezani Berlin hawakumjua, na yeye hakujua habari ya Berlin. Lakini mkutano ule ulipokwisha, ng'ambo ya magharibi ya ziwa ilihesabiwa ya Leopold, na ng'ambo ya Karema ikaingia mikononi mwa Wajerumani. Njia ya kutoka Zanzibar haikuwa na faida tena kwa mfalme, aliyekuwa sasa na mto Kongo. Kwa hiyo mwaka 1885 Storms aliitwa nyumbani, na vituo vya Karema na Mpala wakapewa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie.

Storms alirudi Ubeleji na mizigo. Ndani yake kulikuwa na mafuvu matatu ya masultani: la Lusinga, la Maribu na la Mpampa. Kulikuwa pia na vinyago vya wazee, mikisi ambayo Watabwa waliitunza kama nyuso za mababu. Kimoja kilikuwa cha Lusinga.

Safari ya fuvu

Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima mafuvu yale mbele ya Shirika la Anthropolojia la Brussels. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba ukimpima mtu kichwa utajua akili yake na tabia ya kabila lake. Leo sayansi imeitupa imani hiyo. Lakini vipimo vile viliandikwa, na kwa njia hiyo watu watatu waliouawa wakageuka mfano wa "aina" ya watu.

Storms akapanda cheo mpaka jenerali. Kinyago cha Lusinga kikakaa nyumbani kwake Brussels kama pambo la ukumbini. Alipokufa mwaka 1918 vitu vilibaki na mjane wake, na katika miaka ya 1930 vikapewa makumbusho ya Tervuren. Kinyago kikawa moja ya kazi za mikono za Kiafrika zinazojulikana sana katika nyumba ile: watu wanakitazama, wanasifu mchongaji. Mafuvu nayo hayakuonyeshwa. Mwaka 1964 yalihamishwa kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili, Brussels, yakawekwa kwenye sanduku.

Huko yalikaa mpaka mwezi Machi 2018, mwandishi wa habari Michel Bouffioux alipoyaandika katika jarida la Paris Match la Ubeleji. Alifuata karatasi moja baada ya nyingine: shajara, ripoti ya vipimo, hati za makumbusho, hati za taasisi. Alipofika mwisho wa uzi alilikuta fuvu. Miezi saba baadaye mwaka ule ule, mchezo wa Obra Dinn ukatoka. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ila kazi ni ile ile: kusimama mbele ya mfupa na kuuliza ulikuwa nani.

Baada ya makala hiyo mambo yalisogea. Mtu anayejitambulisha kuwa mjukuu wa Lusinga alimwandikia mfalme Philippe akiomba mabaki yarudi. Mwisho wa mwaka 2019 taasisi za sayansi za Ubeleji zilianza mradi ulioitwa HOME, wa kuchunguza mabaki yote ya wanadamu yaliyo kwenye makabati yao. Tarehe 20 Juni 2022 jino la Patrice Lumumba, ambalo polisi Mbeleji alikuwa amelitunza kama kumbukumbu ya kazi yake, lilikabidhiwa kwa familia huko Brussels. Siku kumi baadaye, tarehe 30 Juni, sanamu ya Jenerali Storms iliondolewa kwenye uwanja wa Meeûs huko Ixelles. Mwezi Julai mwaka huo Ubeleji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Lakini sheria hiyo ni ya vitu. Mabaki ya wanadamu hayamo.

Mashahidi watatu

Mtu akiichukua kesi hii kwa kanuni ya daftari la Obra Dinn, ataanza na jina. Jina linajulikana: Lusinga. Namna ya kifo inajulikana. Aliyeua anajulikana pia, ingawa hapo mpelelezi atasita kidogo. Je, ni mkono uliokata, ni Bohoro aliyeongoza, au ni Bwana Boma aliyetuma na hakufika? Kwenye mchezo mchezaji lazima achague mmoja. Kwenye historia kila mmoja anapewa sehemu yake, na aliyetuma hasafishwi na umbali.

Kisha kuna ushahidi. Wa kwanza ni wa Storms mwenyewe. Ni mwingi na una tarehe, lakini ni wa mtu aliyekuwa na haja ya kuonyesha wakubwa wake kwamba alipigana na mfanyabiashara wa watumwa. Maneno yake yanaaminika zaidi pale yanapomchafua mwenyewe, kama ule mzaha wa kinamba.

Wa pili ni wa vitu: fuvu, kinyago, vipimo. Vitu havisemi uongo, lakini havisemi neno pia. Fuvu linathibitisha kwamba kichwa kilikatwa na kubebwa. Halisemi kama Lusinga alikuwa anajitetea, wala kama alikuwa amealikwa kwenye mazungumzo.

Wa tatu ni wa mdomo. Roberts alipokaa Lubanda karibu miaka 90 baada ya kifo kile, aliwakuta wazee bado wanakisimulia. Masimulizi yao hayakufanana na shajara. Kwao Bwana Boma hakuwa mtu wa katikati ya habari. Kiini kilikuwa ugomvi wa koo na wa usultani: nani mwenye haki ya ardhi, nani alimchongea mwenzake kwa Mzungu, nani alipata faida Lusinga alipoanguka. Mzungu alikuwa silaha mpya katika ugomvi wa zamani.

Mashahidi hawa watatu hawakubaliani kwa kila kitu, na kila mmoja peke yake angepotosha kesi. Hapo kanuni ya mchezo ina akili: mmoja hakubaliwi mpaka wapatikane watatu. Na kuna jambo ambalo mchezo unalifanya jepesi kuliko ilivyo. Saa ya mkaguzi inahitaji mabaki na sauti mahali pamoja. Katika kesi hii mabaki yalikwenda Brussels, na sauti zilibaki Lubanda. Waliokuwa na fuvu hawakuwa na masimulizi, wakaona namba tu. Waliokuwa na masimulizi hawakuwa na fuvu, wakabaki na maneno ambayo mgeni angeweza kuyaita hadithi za wazee.

Wale 125

Daftari la Obra Dinn lina nafasi kwa wote 60, mpishi na nahodha sawa. Hakuna aliyeandikwa "na wengine". Hapo ndipo kesi ya Lusinga bado haijaisha, hata kama fuvu lingerudi kesho.

Watu kati ya 50 na 60 walikufa siku ile. Watu 125 walichukuliwa. Katika hesabu ya Storms wao ni tarakimu. Wengi wa waliokaa kijijini kwa Lusinga walikuwa wanawake, watoto na watu ambao yeye mwenyewe alikuwa amewateka. Kwao siku ile haikuwa ya ukombozi wala ya kumlilia shujaa. Walibadilishiwa bwana. Anayetaka kumfanya Lusinga shahidi wa kupinga ukoloni anawasahau hao. Anayetaka kumfanya Storms mkombozi wa watumwa anawasahau hao hao, na anasahau sanduku la mafuvu.

Kwa hiyo swali la kurudisha lina maswali mengine ndani yake. Arudishiwe nani: ukoo wa Lusinga, masultani wa Watabwa wote, jimbo la Tanganyika, au serikali ya Kinshasa? Azikwe wapi: mlimani alikouawa, au Mpala? Na siku ya kuzika, ni nani atakayesimama kutaja wale waliokufa naye, na wale aliowauza? Mambo haya hayawezi kuamuliwa na makumbusho. Yanahitaji wenye koo wakae pamoja, na wakae mapema, kabla ya wengine kuamua kwa niaba yao.

Kirungu yenyewe ni mtoto wa mambo yale. Mapadri Weupe waliopewa Mpala ndio waliopanda hapa mwaka 1893 na kuanzisha Baudouinville, jina ambalo mji ulikuwa nalo mpaka wakati wa Zaire. Hapa ndipo Stefano Kaoze, Mtabwa, alipopewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Kongo yote ya wakati huo. Kaoze alizaliwa karibu mwaka mmoja au miwili tu baada ya Lusinga kuuawa, katika nchi ile ile. Naye alishika kalamu. Tangu mwaka 1910 maandishi yake juu ya fikra na desturi za watu wake yalichapishwa Ubeleji, wakati mafuvu ya masultani wa kwao yalikuwa tayari yamepimwa huko huko. Kizazi kimoja kilipimwa na kizazi kilichofuata kikajieleza chenyewe kwa maandishi.

Daftari kwa familia zilizohama

Jimbo hili limeona vita vingine tangu hapo. Tangu 2016 ugomvi kati ya Watwa na Waluba umewatoa watu wengi katika vijiji vyao, na kambi zikajaa pembezoni mwa Kalemie. Wengine wamekuja kutoka kaskazini kwa maji. Karibu kila familia iliyohama ina mtu ambaye haikumzika. Ana jina, lakini mahali alipolala hapajulikani, au panajulikana na mtu mmoja tu.

Mkaguzi wa meli alichelewa miaka minne, akapewa saa ya ajabu. Mwandishi wa Brussels alichelewa miaka 133, akakuta karatasi. Familia za leo hazina saa ya ajabu, lakini mashahidi wao bado wanaishi, na wengine wamelala kwenye hema la jirani. Daftari la shule na kalamu vinatosha kwa kazi ya kwanza.

Yaandikwe mambo yale ambayo mchezo unayauliza, na moja zaidi. Jina lote la mtu, pamoja na la baba na la mama na la kijiji, kwa sababu majina yanafanana. Kilichompata, kama kinajulikana, na siku, hata kama ni kwa msimu tu: wakati wa kuvuna mahindi, wakati wa mvua ya kwanza. Mahali: mti gani, kivuko gani, upande gani wa barabara. Na la kuongeza: jina la anayesema, na kama aliona mwenyewe au alisikia. Wakipatikana wawili au watatu wanaosema jambo moja bila kuambizana, iandikwe hivyo. Wakipishana, iandikwe hivyo pia, bila kumlazimisha mmoja akubali. Panapotajwa aliyeua, daftari lisitembezwe ovyo, maana jina hilo linaweza kuleta kifo kingine. Likae kwa mtu mzima anayeaminiwa na pande zote.

Mwisho wa Obra Dinn, kampuni inasoma daftari na kuamua malipo ya warithi. Baadhi ya wajane wanapata fedha, na familia za waliofanya mauaji zinatozwa faini. Watu wa hapa wanajua kwamba malipo kama hayo hayaji mara kwa mara, na pengine hayatakuja. Lakini barua ya kwanza ya ukoo wa Lusinga ilipofika kwa mfalme, ilikuwa na jina, tarehe na mahali, kwa hiyo haikuweza kujibiwa kwamba mtu huyo hajulikani.